Kumpeleka rafiki kula samaki kwa hoteli ya mtaa hapa Kisumu, hatua kwa hatua

Niko na rafiki mmoja anafundisha upande wa Luanda, kule Vihiga, tulikaa dawati moja tukiwa shule na hatujawahi kupoteana. Mwaka fulani alinipigia akaniambia anakuja Kisumu Ijumaa, tukutane tule kitu. Mimi nikafurahi sana nikataka kumkaribisha vizuri, nikampeleka hoteli moja kubwa hapo tao, ile yenye mataa mengi na spika kila kona. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Tulikaa saa moja unusu samaki haijafika, muziki uko juu mpaka unaongea ukiinama kwa sikio la mwenzako, na ilipofika tukala haraka haraka kwa sababu alikuwa ashaangalia saa mara tatu, matatu za kurudi zinaisha. Nikamsindikiza mbio, tukaagana. Wiki mbili baadaye nikasikia kwa mtu mwingine kwamba mamake alikuwa amepatikana na ugonjwa mkubwa na hiyo ndio stori alikuwa amekuja kunipa. Alibeba stori yake mpaka Kisumu na akarudi nayo vile vile.

Hiyo kitu iliniuma na bado inaniuma. Tangu hiyo siku nimekuwa makini sana na hii mambo ya kutoka na rafiki kwenda kula. Naandika hapa vile mimi hufanya, kwa mtu ako Kisumu ama anapokea mgeni Kisumu, na nadhani hata ukiwa Nakuru ama Kakamega mengi yatakufaa, utabadilisha tu samaki.

HATUA YA KWANZA: tafuta hoteli kwa masikio

Usianze na menyu, anza na kelele. Mahali ninapozungumzia ni zile hoteli ndogo za mtaani, meza sita ama nane, mama mwenyewe ako jikoni na unamwona ukiwa umekaa, mabati juu au kivuli cha mwembe, pazia la kitambaa mlangoni. Ziko kila mtaa, Migosi ziko, Manyatta ziko, Tom Mboya, Okore, Nyalenda, hadi Milimani ukitafuta vizuri nyuma nyuma huko utapata. Nenda peke yako kwanza, na uende saa ile ile unapanga kumleta rafiki, kwa sababu hoteli ya saa saba mchana na hoteli ya saa kumi na mbili jioni ni hoteli mbili tofauti hata kama jina ni moja. Agiza chai ukae dakika kumi. Ukiwa hapo jiulize, naweza kusikia mtu wa meza ya pili anasema nini? Kama unasikia kila neno basi na yeye atawasikia, tafuta meza ya pembeni ama utafute mahali pengine. Kama husikii hata weita anakuuliza nini, ondoka.

Angalia pia mahali pa kunawa mikono, kama kuna maji na sabuni au ni mtungi mkavu umewekwa tu. Angalia choo, tafadhali usione aibu kwenda kuangalia choo, mtu atakaa hapo masaa mawili na atakunywa maji. Angalia kama wafanyakazi wa maofisi ya karibu na watu wa boda wanakula hapo, wakiwa wanarudi kila siku hao wanajua bei na wanajua jikoni kukoje. Na ikiwa kuna televisheni uliza kama huwa wanaonyesha mpira, siku ya mechi kubwa ya Uingereza hakuna mtu ataongea mambo ya maana hapo ndani.

Najua mtu atauliza, mbona nisimpeleke Dunga, hapo ufuoni mwa Ziwa Victoria? Dunga ni pazuri, na kama rafiki yako hajawahi kuona ziwa mpeleke, aone maboti yakiingia, aone vile samaki inapimwa, hiyo ni zawadi yake. Lakini Jumapili kunajaa watu sana, na jua likizama, hapo saa kumi na mbili na nusu kwenda mbele, mbu wa ziwani wanatoka wote kwa pamoja na huku kwetu malaria si stori. Mkienda huko vaa suruali ndefu, jipake dawa ya mbu, na mpange kutoka mapema. Mimi nikitaka maongezi ya ndani nabaki mtaani.

HATUA YA PILI: siku na saa

Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Basi. Ijumaa watu wametoka kazini wanataka kusherehekea, mwisho wa mwezi ndio usiseme, na Jumapili nusu ya Kisumu iko Kibuye sokoni na ile nusu ingine inatoka kanisani na njaa.

Saa ninayopenda ni saa kumi na moja jioni. Watu wa lunch wameisha, wale wa chakula cha usiku hawajafika, mama amepumzika kidogo na ako na roho ya kukupikia. Lakini angalia mawingu. Mvua yetu ya Kisumu inapenda kuja alasiri na jioni, na radi na upepo, hasa hii miezi ya Machi mpaka Mei, na kama hoteli ni ya mabati basi mvua ikinyesha ni kama mmekaa ndani ya ngoma. Miezi hiyo mimi huvuta saa nyuma, tunakutana saa nane na nusu mchana.

Na kama rafiki anatoka nje ya mji, hesabu kurudi nyuma. Mwulize matatu yake ya mwisho anayoiamini ni saa ngapi, si ile ya mwisho kabisa, ile anayoiamini. Toa nusu saa ya kufika steji, toa masaa mawili na nusu ya kukaa, hapo ndio saa ya kukutana. Hii hesabu kama ningeifanya ile Ijumaa nisingekuwa naandika haya.

HATUA YA TATU: uliza anakula nini, na uulize kabla

Usingoje mpaka menyu iko mezani ndio mtu ajieleze mbele ya weita. Tuma meseji, "Tunaenda kula samaki Jumatano, kuna kitu huli?" Huku kwetu western tuna ndugu wengi Wasabato, na wengi wao hawali samaki asiye na magamba, kwa hivyo mumi, yaani kambare, umeitoa, kamongo pia usiilete mezani bila kuuliza. Jumamosi ni Sabato yake, usimpangie. Ukiwa na rafiki Mwislamu uliza jikoni kama mafuta ya kukaangia ni ya samaki peke yake ama pia nyama hupita humo, na mama hatakasirika, hilo ni swali la kawaida. Mwezi wa Ramadhani ngoja magharibi mfuturu pamoja, na mwenyewe utaona vile hiyo meza inakuwa tamu.

Kuna watu wa presha wameambiwa wapunguze chumvi. Kuna watu samaki inawatoa vipele. Kuna mwingine tu hapendi miiba, aliumia akiwa mtoto, huyo mwitishie fileti ya mbuta ama kuku na usimfanyie kesi.

HATUA YA NNE: mpigie mama asubuhi

Hapa ndipo wengi wanakosea, na hapa ndipo mimi nimekaa sana kujifunza. Hoteli ndogo hainunui samaki mingi, inanunua ya leo. Ukimpigia mama asubuhi ukamwambia, "Mama, oyawore, leo jioni tuko wawili, naomba uniwekee ngege moja kubwa," atakutafutia akiwa sokoni na atakuchagulia kama anachagulia nyumba yake. Ukiingia tu jioni bila kusema utapata iliyobaki.

Kwa mgeni wa mambo haya: ngege ndio tilapia, ile ya kukaanga nzima na kichwa. Mbuta ni ile kubwa ya vipande, nyama yake nene na nyeupe, miiba michache mikubwa unaiona, na hiyo mbuta si mwenyeji hapa, iliwekwa ziwani miaka ya 1950 na ikakula samaki wetu wengi wadogo mpaka aina zingine hatuzioni tena. Omena unaijua, wale dagaa wadogo wa ziwani. Halafu kuna mgongo wazi, ule mfupa wa mbuta na kichwa unaobaki baada ya viwanda kutoa fileti, watu wanaudharau lakini ukikaangwa vizuri uko na nyama tamu kwenye mbavu na shingo.

Ukifika hotelini uliza kama unaweza kuiona kabla ipikwe. Si matusi, mama mzuri atakuletea mwenyewe kwa sahani. Angalia jicho, liwe limejaa na linang'aa, likizama ndani na kuwa na ukungu hiyo imelala. Fungua hapo kwa mashavu uone matamvua, yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza na kidole mgongoni, nyama irudi juu, ikibaki na shimo achana nayo. Harufu iwe ya maji ya ziwa tu. Siku hizi kuna ngege ya ziwani, kuna ya vizimba, zile keji zimewekwa ndani ya ziwa, na kuna iliyogandishwa inatoka China. Ya vizimba mimi nakula bila shida, iko na mafuta kidogo zaidi. Ile ya kugandishwa ukishabonyeza na kuangalia jicho utaijua tu, na ukiuliza kwa heshima, "Mama hii ni ya huku kwetu?" wengi watakwambia ukweli.

Kitu kingine, kama rafiki yako ni mtu wa omena, jua kwamba kuanzia April mpaka mwisho wa July uvuvi wa omena huwa unafungwa upande wetu wa Kenya ili izaane, kwa hivyo miezi hiyo inakuwa haba na bei inapanda. Usimwahidi kitu hakipo.

Na sasa neno langu kuhusu saizi, na hapa sitaki kubishana na mtu: chukueni samaki moja kubwa kwa sahani moja, mkule wote wawili. Ukiwa na sahani yako na yeye na yake kila mtu anainama kwa yake anamaliza. Mkiwa na moja katikati lazima mwangaliane, lazima mmoja aseme chukua hapo, hapo kuna nyama. Kama rafiki hapendi kushiriki sahani kwa sababu zake, sawa, mwitishie yake.

HATUA YA TANO: oda

Uliza bei kabla. Samaki inaenda na saizi na bei inabadilika na ziwa, kwa hivyo hiyo karatasi ya menyu ukutani usiiamini sana. Sema wazi, "Hii na ugali na mboga inafika pesa ngapi yote?" Ukiuliza mapema hakuna aibu, aibu iko kwa kuuliza ukishakula.

Kuna njia tatu. Kavu, inakaangwa mpaka ngozi inalia ukiigusa, hiyo inakulwa na kachumbari na ndimu na pilipili. Wet fry, inakaangwa kwanza halafu inarudishwa kwa nyanya na kitunguu na dhania mpaka mchuzi unashika. Na ya kuchemsha, haijaguswa na mafuta, hii wazee wa huku ndio wanaipenda na mtu wa tumbo bovu inamfaa. Kama hujui rafiki yako anataka gani chagua wet fry, kwa sababu ugali unahitaji kitu cha kuchovya na pia inachukua muda kidogo zaidi, na muda ndio tunatafuta.

Mboga chukueni osuga (managu) iliyolazwa na maziwa, ama dek (saga), ama mchanganyiko. Osuga ni chungu kidogo, mtu wa sukuma tu anaweza kushtuka, mwambie aonje na mchuzi wa samaki pamoja. Ugali ukipata ule wa kahawia wa mtama na muhogo chukua huo, unashiba polepole. Maji kunywa ya chupa na usikie muhuri ukikatika, au uulize kama yamechemshwa.

HATUA YA SITA: kungoja

Ngege nzima ya wet fry na ugali wa kusongwa upya ni kama dakika arobaini. Mtu mwingine anaona hizo dakika ni hasara. Mimi naona hizo dakika ndio zimenipeleka hotelini.

Mara ya pili nilipokaa na huyu rafiki yangu wa Luanda ilikuwa hoteli ndogo ya mtaa, Jumatano, meza ya kando ya ukuta. Jikoni kulikuwa na dirisha dogo na tulikuwa tunaona mama akifanya kazi yake. Aliiweka ngege kwa ubao, akaichanja mara tatu upande huu, mara tatu upande ule, akasugua chumvi ndani ya kila mchanjo na kidole gumba, akaishika mkia akaiteremsha kwa karai pole pole kichwa kwanza. Mafuta yakapiga kelele. Rafiki yangu alikuwa anaangalia hiyo karai, haniangalii mimi, na akaanza kuongea. Mamake alikuwa ashafariki wakati huo. Aliongea kuhusu miezi ya mwisho, vile alikuwa anamchemshia samaki na kumtolea miiba na yeye anakula vijiko viwili tu anasema ameshiba. Sikusema kitu. Kama tungekuwa tumeangaliana uso kwa uso na sahani tupu katikati sidhani angeweza. Kile kitu cha kuangalia pamoja, mikono ya mtu mwingine ikifanya kazi, kilimsaidia kuanza.

Kwa hivyo, vitu vya kufanya hapo. Kaeni pembeni pembeni, kona ya meza, si ng'ambo. Mpe yeye kiti kinachoangalia mlango ama jiko. Simu weka mfukoni, si juu ya meza ikiwa imelazwa kifudifudi, mfukoni kabisa. Kama unangoja simu ya maana, ya mtoto mgonjwa ama ya kazi, sema mapema, "naweza kupigiwa na fulani, nitashika hiyo tu." Usijaze tumbo na chapati na maandazi mkingoja, supu kidogo inatosha.

Usiulize "mambo vipi" ukangoja jibu, hilo swali watu wanalijibu "poa" hata nyumba ikiwaka moto. Uliza kitu unachokijua. Ule mguu wa mzee ulipona? Ile kesi ya shamba ilifika wapi? Ulisema mtoto anahama shule, alihama? Ukiuliza hivyo mtu anajua ulikuwa unamsikiliza mara ya mwisho. Na akinyamaza nyamaza na wewe. Usikimbilie kumpa ushauri, wala kumwambia ya kwako yaliyofanana na yake, hiyo ya kwako itapata nafasi yake samaki ikishafika.

HATUA YA SABA: kunawa na kula

Mama ama weita ataleta jagi ya maji moto na beseni. Kama kuna mtu mkubwa kwenu mezani ananawishwa kwanza. Kama mko rika moja mgeni ananawa kwanza. Mkono wa kulia ndio wa kula, wa kushoto unaweza kusaidia kushika kichwa cha samaki lakini hauingii kwa ugali.

Samaki nzima anza juu, kando ya mgongo, sukuma nyama kwa kidole gumba kutoka kwa mgongo kuteremka tumboni, itaachia yenyewe. Mkimaliza upande wa juu msiigeuze, inua ule mfupa wa mgongo kuanzia mkiani, utatoka na miiba mingi pamoja nao na upande wa chini unabaki safi. Miiba midogo inayosumbua iko hapo karibu na mapezi na tumboni, hapo tafuna pole pole. Miiba wekeni kwa kisahani chake, si pembeni ya ugali.

Kichwa ongeeni. Kuna mtu kwake kichwa ndio samaki, na ukimmalizia umemkosea sana. Rafiki yangu hutoa ile nyama ndogo ya shavuni, duara kama shilingi, laini kuliko yote, na huiweka upande wangu wa sahani bila kusema kitu, anaendelea na stori yake. Mimi humtolea ya shavu la pili. Hatujawahi kuongea kuhusu hiyo kitu.

Mwiba ukishika kooni, msifanye ile ya kumeza donge kubwa la ugali kwa nguvu. Watu wengi tumefundishwa hivyo na inaweza kuuzamisha zaidi ama ikwaruze njia. Kohoa, kunywa maji kidogo kidogo, tulia. Ukiendelea kuuma, ama mtu anashindwa kumeza mate, ama anatoa damu, shika tuktuk mwende hospitali hapo hapo, bili mama atawangoja.

Kama chakula kina shida, chumvi imezidi ama samaki haijaiva kwa mfupa, inuka wewe mwenyeji uende jikoni umwambie mama kwa sauti ya chini. Usimwite weita umgombeze mbele ya mgeni, mgeni atashindwa kumeza na atajiona ndiye ameleta shida.

HATUA YA NANE: bili

Aliyeita ndiye analipa, na aseme mapema. Nikialika mimi husema kwa simu kabisa, "njoo, leo ni juu yangu," ili mtu asije akihesabu pesa ya nauli akiwa mezani. Ukijua rafiki yako ana roho ya kuvutana bili, lipa ukienda kunawa mikono, kimya kimya. Akisisitiza mwachie soda, mwachie aagize chai ya mwisho, mtu anahitaji kutoa kitu pia, ukimkatalia kila kitu mara ya pili hatakuja.

Siku hizi karibu kila hoteli iko na tili, ile namba ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa. Ukilipa kwa tili wewe mteja hukatwi kitu, tofauti na kutuma kwa namba ya mtu ambapo ukivuka shilingi 100 unakatwa. Soma jina la biashara kabla uweke PIN. Ukituma mahali si pake, ile meseji ya M-Pesa itume kwa 456 haraka kabla pesa haijatumika. Na tembea na karatasi ya mia tano mfukoni, mtandao unaweza kulala na usiku stima ikipotea watu wote wanakuwa na simu zimezimika.

Hizi hoteli ndogo hazina ada ya huduma kwa bili, kwa hivyo kitu kidogo mpe weita mkononi mwake, na ukipita jikoni sema erokamano, yaani asante, kwa aliyepika. Mimi hilo siliachi.

Kama mfuko uko chini, usiahirishe. Naona watu wakisema tutatoka nikipata pesa, na miaka inaisha. Omena na ugali kwa hoteli ile ile, mgongo wazi, hata chai na maandazi mawili, meza ni ile ile. Mwambie tu ukweli, "mwezi huu niko vibaya, twende tukunywe chai," rafiki wa kweli atakuja na pengine yeye pia alikuwa anangoja mtu aseme hivyo.

HATUA YA MWISHO: kumsindikiza

Chakula kikibaki kifungwe. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 kwa hivyo beba kibakuli chenye kifuniko kwa begi, hasa kama rafiki ako na watoto nyumbani, kipande cha samaki kilichofungwa vizuri kinawafanya wajue kwamba baba ama mama alikumbukwa huko alikokuwa.

Usimwachie boda mlangoni ukaaga. Tembea naye mpaka steji. Kuna maneno mtu huwa hatoi mezani, anayatoa mkitembea, na mengine anayatoa mkishasimama kwa mlango wa matatu na makanga anapiga bodi. Kwa hivyo fika mapema kuliko matatu kujaa, chagua ile iko na watu wanne watano tu ndani, msimame nje mngoje ijae. Hapo ndipo tunapangia siku ingine na ya kwetu tunaitaja kabisa, Jumatano ya tatu ya mwezi, saa kumi na moja. Akishafika kwake ananitumia "nimefika", na asubuhi yake nampigia mama wa hoteli kumwambia Jumatano ya tatu tuko, atuwekee ile meza ya kando ya ukuta.